Msosi wa haiking umeisha mapema, umebaki kibao, au unakuvunja mgongo? Tafuta tatizo lako hapa

Watu wakirudi kwenye safari ya kutembea siku kadhaa utawasikia "tulibeba kidogo" au "tulibeba kingi mno", safari inayofuata wanaongeza au wanapunguza hivihivi tu, afu wanarudi na lawama ileile. Mi naona mara nyingi shida si kiasi. Shida ni kwamba tunapanga kwa milo, asubuhi mchana usiku, wakati mwili ukiwa njiani unakula kila saa, na juu ya hapo tunapima kwa macho. Kwa hiyo kabla ya yote tafuta mizani ndogo ya jikoni manake karibu kila tatizo hapa chini utalikamata kwa gramu.

Namba za kuanzia nazo ni hizi, uzishike kichwani. Mtu mzima anayetembea na begi mgongoni kutwa nzima anatumia kama kalori 2500 mpaka 4500 kwa siku, inategemea ukubwa wa mwili, uzito wa begi, miinuko na baridi. Chakula kikavu kinachotosha hapo huwa kati ya gramu 600 na 900 kwa mtu kwa siku. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, gramu ya wanga au protini ina kalori 4, na maji hayana kitu. Hilo la maji ndo linalowaangusha wengi, tutalifikia.

Dalili: chakula kinabaki kila safari, unarudi na nusu begi

Anza na kuhesabu milo vizuri. Safari inaitwa "siku tano" bas mtu anazidisha kila kitu mara tano, kumbe siku ya kwanza kifungua kinywa amekula nyumbani, siku ya mwisho usiku atakula ameshatoka. Siku tano kwa usiku nne maana yake ni vifungua kinywa vinne, chakula cha usiku mara nne, na cha mchana mara nne au tano. Hapo peke yake umeshapunguza karibu nusu kilo kwa kila mtu ambayo ungeibeba bure.

Sababu ya pili ni ile ya "tuongeze kidogo kwa usalama". Mtu anaongeza kidogo kwenye oti, kidogo kwenye mchele, kidogo kwenye karanga, pakiti moja ya biskuti ya ziada, na kila kidogo hakionekani ila ukijumlisha ni siku nzima na zaidi. Akiba ni lazima, sibishi, ila iwe mfuko mmoja unaojulikana: gramu 400 hadi 500 za vitu visivyohitaji kupikwa, umefungwa, umewekwa chini kabisa, haufunguliwi mpaka kuna dharura. Kila kitu kingine pima sawasawa na mpango bila kuongeza.

Afu kuna siku mbili za kwanza. Watu wengi hamu ya kula inakuwa chini mwanzoni, mwili bado unashangaa, umesafiri, hujalala vizuri. Kwa hiyo siku ya kwanza na ya pili panga kidogo, labda gramu 600 au 650, afu kuanzia ya tatu au ya nne ndo upandishe. Safari ya usiku mbili tu huna haja ya kubeba kama unavuka bara.

Na kama kinachobaki ni kitu kilekile kila mara, mfano oti zimerudi zote na chokoleti imeisha siku ya pili, hapo hukukosea kiasi, hupendi oti. Usijidanganye kwamba ukichoka utakula chochote, ukichoka ndo unakuwa mchaguzi kuliko mtoto.

Dalili: chakula kimeisha na bado kuna siku ya kutembea

Hili ndo la kukaa nalo kidogo, lina sababu nyingi na zinafanana kwa nje.

Mchokozi wa kwanza ni mfuko mmoja mkubwa wa vitafunio. Kilo mbili za karanga na zabibu kavu ndani ya mfuko mmoja, kila mtu anachota akipita, siku ya kwanza inaonekana haiishi, siku ya tatu mnaangaliana. Hakuna aliyeiba, ni kwamba mkono hauna kipimo. Dawa ni mifuko midogo ya zipu, siku moja mfuko mmoja, umeandika nje "siku ya 1", "siku ya 2" na jina la mwenyewe. Ndani ya mfuko wa siku weka kila kitu cha mtu huyo cha kula akitembea. Ukimaliza wa leo saa nne asubuhi, sawa, ila ya kesho hujaigusa na umeshajua kwamba unahitaji zaidi.

Wa pili ni ile njaa ya siku ya nne. Siku za mwanzo hukuwa na hamu, ukajua hesabu yako ni nzuri mpaka imezidi, ukawa mkarimu, ukagawa. Afu ghafla mwili unashtuka kwamba hii kazi haiishi leo na unaanza kudai. Hii ni kawaida kabisa, sio tamaa. Safari ikizidi siku tano au sita mgawo wa siku za mwisho lazima uwe mkubwa kuliko wa mwanzo.

Wa tatu ni kugawa sawa kwa watu wasio sawa. Mtu wa kilo 90 aliyebeba hema na mtu wa kilo 55 mwenye begi jepesi hawawezi kula sufuria moja nusu kwa nusu, mmoja atabakiza na mwingine atalala na njaa akinyamaza kwa aibu. Pika pamoja ila gawa kwa uzito wa mtu na kazi yake, na mfuko wa vitafunio kila mtu awe na wake. Nimeona makundi yenye amani sana yakianza kununiana kwa sababu ya biskuti, na ukichunguza ni mgawo tu uliopangwa vibaya.

Wa nne ni vipimo vya nyumbani. Pakiti inasema "watu wawili", huyo mtu wa pakiti amekaa kwenye kochi. Tambi kavu nyumbani gramu 75 mpaka 100 inamtosha mtu, jioni ya kutembea weka 125, mwenye mwili mkubwa 150. Vile vyakula vilivyokaushwa vya kumwagia maji ya moto usisome mbele, geuza nyuma uangalie kalori: mfuko ukiwa na kalori 350 hicho ni kitafunio, sio chakula cha usiku, kiongezee mafuta.

Kama hali imeshakupata na uko katikati ya njia, simama. Tandaza kitu chini, toa chakula chote cha kila mtu, hata ile pipi ya mfuko wa pembeni, hesabu, gawa kwa siku zilizobaki. Wanga na sukari viwekwe kwa ajili ya saa za kutembea, vya mafuta vya jioni. Usiruke kifungua kinywa ili "kubana", utakwama njiani kabla ya saa sita. Punguzeni kasi, gawaneni mizigo upya, na kama kuna njia fupi ya kutoka itumieni. Mtu mzima mwenye afya akitembea siku moja na njaa atachoka na atanuna, lakini atafika. Maji ni kitu kingine kabisa, hayo usiyabane. Na mtu mwenye kisukari anayetumia insulini haingii kwenye hesabu hii ya kubana, mgawo wake unatengwa kwanza, na mpango wake awe ameshauzungumza na daktari kabla ya safari.

Dalili: begi ni zito kama limejaa mawe na bado unasikia njaa

Hapa ndo lile suala la maji. Kuna vitu vinajaza begi ila havina kitu ndani: matunda mabichi, maharage ya kopo, samaki wa kopo kwenye maji, mkate laini, supu ya tayari. Tofaa gramu 100 ni kalori kama 50. Samaki wa kopo kwenye maji ni kama 110. Sasa linganisha: mchele au tambi kavu ni kama 360, biskuti 450 na kitu, chokoleti 530 au 550, karanga na siagi ya karanga zinakaribia 600, mafuta ya kupikia yanafika 880.

Fanya hivi: jumlisha kalori zote za siku, gawa kwa gramu. Ukipata 4 au zaidi uko vizuri. Ukipata 2.5 hapo ndo unapoumia. Mtu anayetaka kalori 3500 kwa mzigo wa 2.5 anabeba gramu 1400 kwa siku, kwa 4 anabeba chini ya 900. Siku tano tofauti inakuwa zaidi ya kilo mbili na nusu, na hizo kilo utazisikia kwenye magoti.

Mfano wa siku moja ukiwekwa kwenye mizani. Asubuhi oti gramu 90, maziwa ya unga yenye mafuta yake 30, sukari 20. Njiani karanga 100, biskuti 100, chokoleti 50, zabibu kavu 50. Mchana mikate bapa gramu 120 na siagi ya karanga 50. Usiku tambi 125, mafuta 25, samaki wa pakiti 80, unga wa supu 20. Jumla gramu 860, kalori kama 3500. Ona kwamba vitu vya njiani ndo vimebeba mzigo mkubwa, kama kalori 1460, kuliko chakula cha usiku ambacho wengi wanakipa akili zao zote.

Njia ya haraka kabisa ya kurekebisha mpango mbaya ni chupa ndogo ya mafuta. Vijiko viwili vikubwa kwenye sufuria ya mtu ni kalori zaidi ya 200 na uzito huuoni. Ila usiruke moja kwa moja kwenye mafuta mengi kama tumbo lako halijazoea, jaribu nyumbani kwanza, na chupa iwe ya kufunga kwa kuzungusha, ndani ya mfuko wa zipu, ndani ya mfuko mwingine. Mafuta yakimwagika juu ya begi la kulalia hiyo safari utaikumbuka.

Na kama uzito uko sawa ila havitoshei begini, tatizo ni hewa. Chipsi, mikate minene, tambi za pakiti zile zilizojikunja. Toa vitu kwenye maboksi, tambi zivunje, fungasha upya kwenye mifuko, toa hewa. Maelekezo ya kupika yakate uyaweke ndani ya mfuko, vinginevyo jioni mtabishana dakika ngapi.

Dalili: umekula asubuhi vizuri tu lakini saa tano miguu inakataa

Miguu mizito ghafla, kijasho cha baridi, hasira isiyo na sababu, unakosa shabaha ya kukanyaga. Wengi wanasema "sina mazoezi", inaweza kuwa kweli, ila kama ulikuwa sawa saa moja iliyopita ujue sukari ya akiba imekwisha. Mwili unahifadhi wanga kwenye misuli na ini kama gramu 400 hadi 500, yaani chini ya kalori 2000 au hapohapo, na kupanda mlima na begi kunaimaliza haraka. Mafuta ya mwilini yapo tele hata kwa mtu mwembamba ila yanatoka polepole, hayawezi kukupandisha mlima kwa kasi peke yake.

Tiba ya pale pale: kaa, kula kitu kitamu chenye gramu 30 mpaka 60 za wanga, pipi, zabibu kavu, biskuti, na maji, subiri dakika 15 au 20. Karanga tupu hapo hazisaidii haraka. Kinga yake ni kula kidogo kila dakika 45 mpaka saa, kabla ya njaa. Mfuko wa vitafunio ukae mahali mkono unafika bila kuvua begi, hili linaonekana dogo lakini kitu kilicho ndani ya begi hakiliwi, watu wanaona uvivu kusimamisha kundi zima.

Kama mtu anajikwaa, anaongea ovyo, anatetemeka kwenye baridi na mvua, na sukari haijambadilisha, hiyo sio njaa tena. Mkaushe, mpashe joto, na tafuta msaada.

Dalili: hamu ya kula haipo kabisa, chakula kinatia kichefuchefu

Uliza kwanza mko kwenye mwinuko gani. Ukipita mita 2500 hivi hamu ya kula inaanza kushuka kwa watu wengi, na vyakula vya mafuta ndo vinakataliwa mwanzo. Huko panga wanga zaidi, supu za chumvi, vitu vya kunywa vyenye sukari, vipande vidogo mara nyingi. Lakini kichefuchefu pamoja na maumivu ya kichwa, kizunguzungu, uchovu usio wa kawaida, huo unaweza kuwa ugonjwa wa mwinuko na hakuna mpango wa chakula unaoutibu. Msiendelee kupanda, na hali ikizidi kuwa mbaya shukeni, msibishane na mlima.

Kama mko chini na bado, angalia chumvi na maji. Mtu anatoka jasho siku nzima, anakunywa lita na lita za maji matupu, anakula vitu vitamu tu tangu asubuhi. Kichwa kinauma, vidole vinavimba, tumbo linakataa, afu anaambiwa "kunywa maji zaidi" na ndo anaharibu kabisa, manake chumvi ya damu inazidi kushuka. Akichanganyikiwa au akianza kutapika hovyo hiyo ni dharura. Kwa kuzuia, kunywa ukisikia kiu badala ya kujilazimisha, na nusu ya vitafunio iwe ya chumvi. Utashangaa karanga zenye chumvi zinavyoliwa siku ambayo chokoleti hakuna anayeitaka.

Sababu nyingine ni kuchoka ladha, siku ya nne ya kitu kilekile. Pilipili ya unga, kitunguu saumu cha unga, pakiti za ndimu, vina uzito wa hewa. Weka.

Dalili: mchele hauivi, au gesi imeisha kabla ya chakula

Hizi mbili ni ndugu. Maji yanachemka kwenye joto la chini kadiri unavyopanda, takriban nyuzi 1 inapungua kila mita 300. Mita 3000 maji yanachemka kama nyuzi 90, unaona mapovu makubwa ila mchele wa kawaida unakuangalia tu, na maharage makavu usiyafikirie kabisa. Beba vitu vyembamba: tambi nyembamba, mchele uliokwisha pikwa ukakaushwa, dengu nyekundu zilizopasuliwa ukiwa na muda wa kuziloweka. Vyakula vya kukaushwa viloweke kwenye maji baridi nusu saa wakati unasimamisha hema, afu chemsha, zima jiko, funika, viringisha sufuria kwenye sweta dakika 10 au 15. Gesi hiyo umeiokoa.

Hesabu ya gesi: kuchemsha lita moja kwa jiko dogo la kambi, sufuria ina kifuniko na upepo umekingwa, ni kama gramu 12 mpaka 15. Mtu mmoja akitumia lita moja na nusu kwa siku, chai, oti, chakula cha usiku, weka gramu 25 kwa siku ili uwe salama. Mtungi wa gramu 230 unawapeleka watu wawili siku nne na kitu. Ukipanga kuchemsha mchele dakika 20 kila jioni hesabu hiyo isahau. Ukiyeyusha theluji ili upate maji gesi inakwenda karibu mara mbili. Bila kifuniko na kwenye upepo mi hata sihesabu.

Dalili: tumbo linaendesha, au halitoki kabisa

Kuendesha kunaanza kwenye mikono kabla ya chakula. Ule mfuko mkubwa wa pamoja tena: mtu ametoka chooni porini, amepaka jeli ya kusafisha mikono, anazamisha mkono kwenye karanga za watu sita. Jeli haiwezi kila mdudu, virusi vingine vya tumbo vinaicheka, sabuni na maji ndo kazi. Na vitafunio vya pamoja mwaga kwenye kiganja cha mwenzako, asichovye. Wali uliobaki jioni usiuache kwenye sufuria mpaka asubuhi ukaupasha, kuna bakteria ambao sumu yao haifi kwa kupasha moto. Pima kiasi cha kuisha jioni ileile.

Kutotoka ni maji machache na nyuzinyuzi chache. Oti, matunda makavu, dengu, na ukubali kunywa.

Dalili: unaamka usiku na baridi na njaa

Hii ni ndogo. Tenga kalori 200 au 300 za kula ukishaingia kulala, kitu chenye mafuta, siagi ya karanga kwenye biskuti au kipande cha chokoleti na karanga. Mwili unakipika usiku kucha na unatoa joto. Piga mswaki baada ya hapo, na kinachobaki usikiache ndani ya hema, panya wana pua.

Dalili: kila safari unapanga upya kutoka sifuri

Siku ya kurudi, kabla hujaoga, pima kilichobaki na uandike: nini kilirudi gramu ngapi, nini kiliisha siku gani, nani aliomba kwa nani. Toa na ugawe kwa siku. Ukiwa umebeba gramu 850 kwa siku na 120 za kila siku zimerudi, basi wewe ni mtu wa 730 kwenye njia ya aina hiyo na hali ya hewa ya aina hiyo, sio jedwali la mtu mwingine. Hata hizi namba zangu za juu zichukulie hivyo. Andika na miinuko ilikuwaje na begi lilikuwa kilo ngapi siku ya kwanza, manake hesabu ya bonde usiipeleke mlimani.